Semina ya mitaro Kambi Garba, na mama mkwe wangu aliyekataa kushika jembe

Wakuu, salaam aleikum. Na wale wa habari, habari zenu pia.

Mimi huwa msomaji tu humu. Nasoma nyuzi zenu za siasa, nacheka peke yangu, naweka simu kando. Leo nimeamua kuandika yangu. Ni mambo niliyoyaona kwa macho haya mawili na hakuna chumvi nimeongeza. Mkiona pahali nimerukaruka, laumuni umri.

Wiki jana mjukuu wangu alirudi nyumbani kutoka workshop ya siku tano. Akaniambia, "Akko, tumefunzwa permaculture."

Nikamuuliza hiyo ni nini. Akafungua kitabu chake akanionyesha michoro: mtaro unaokatiza mteremko, shimo la mboji, vitanda vya mboga vilivyochimbwa chini ili vikamate maji. Nikaangalia nikanyamaza. Akafikiri bibi hajaelewa, akaanza kunieleza upya polepole kama mtoto.

Kumbe mimi nilikuwa nimeshaenda mbali. Kama miaka arobaini nyuma.

Hilo jina la permaculture hatukuwa nalo. Sisi tuliita semina ya mitaro.

Wacha nianze mwanzo.

Nimezaliwa upande wa Merti, binti wa wafugaji. Miaka ya sabini, nikiwa msichana, mali yetu yote ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Maziwa asubuhi, maziwa jioni, nyama siku ya sherehe. Mboga sikuijua. Siku ya kwanza kuletwa Isiolo mjini niliona mtu mzima, na koti yake, anakula sukuma wiki. Nikamwambia mama yangu yule mtu anakula chakula cha mbuzi.

Msinicheke sana.

Mwishoni mwa sabini nikaolewa Biliqo, kwa Galgalo. Mama yake nilimwita Ayo, yaani mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kila ng'ombe alimjua kwa jina, akajua pia jina la mama yake na nyanya yake. Mimi nadhani jina langu hakuwa na haja nalo. Akitaka maji alisema tu, "Maji," na mimi nikasimama.

Hakuwahi kunitukana. Nataka hiyo ieleweke. Lakini kwa boma la Ayo nilikuwa mgeni, na mgeni hata akikaa miaka mitano, bado anaangaliwa anachukua maziwa kiasi gani.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini.

Sitaueleza sana. Waliokuwa wakati huo wanajua, na wale hawakuwa, heri wakae bila kujua. Ng'ombe walikuwa wakilala jioni na asubuhi wengine hawasimami. Ayo aliwachuna mmoja mmoja bila kusema neno. Alipochuna yule wa mwisho aliosha kisu, akakifunga kwa kitambaa, na sikumwona akikitumia tena muda mrefu.

Tulibaki na mbuzi wanne na punda mmoja.

Tukahamia Kambi Garba, nje kidogo ya Isiolo mjini, kando ya mto. Nyumba ilikuwa fito na magunia. Galgalo akapanda lori la mfanyabiashara wa ng'ombe akaenda Nairobi kupakia na kushusha mifugo ya watu wengine. Nikabaki mimi, binti yangu Kabale ambaye hata kutembea hakuwa amejua, na Ayo.

Wanawake wawili kwa nyumba moja, na mazungumzo hakuna.

Sasa, siku moja chifu akaita baraza. Akasema kuna mradi umekuja, utafundisha watu kushika maji ya mvua na kulima kwa ardhi kavu. Kila nyumba itoe watu wawili. Atakayekuja atapata gorogoro moja ya mahindi, ule mkebe wa kilo mbili, kila siku ya mafunzo.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Mimi nilienda kwa sababu ya gorogoro. Kulima nilikuwa sitaki hata kuota.

Ayo akakataa kabisa. Tukiwa nyumbani tuliongea Kiborana, kwa hivyo hapa naandika tu maana yake. Akasema, "Mkono uliokamua maziwa hauwezi kukwaruza udongo kama kuku."

Nikamwambia, "Ayo, wanataka watu wawili. Tukienda mmoja hatupewi."

Akaangalia Kabale. Akasema atakuja, lakini atakaa chini. Jembe hatashika.

Na hivyo ndivyo alifanya. Kila asubuhi alikuja na fimbo yake na mbuzi wake wanne, akakaa kwa jiwe moja kubwa nje ya ua wa miiba uliozunguka shamba, akatutazama tukitoka jasho. Karani wa mradi alikuwa anaandika majina. Aliona mama mzee amekuja, akaweka alama.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kimeru, tulimwita Mwalimu Kanana. Mfupi, sauti kubwa, sweta ya kijani hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, Waborana, Waturuka... samahani, Waturkana, Wasomali wachache na Wameru wawili, kila kabila limekaa upande wake kama mifugo kwa kisima. Akasema, "Mimi nimetoka Meru, kwetu mvua hainisumbui. Nyinyi mnajua ukavu kuliko mimi. Kwa hivyo tutafunzana."

Hakuna aliyemwamini. Tukaangalia mahali gunia la mahindi limewekwa.

Alitufundisha kutengeneza fremu ya A. Miti mitatu imefungwa kama herufi A, kamba inaning'inia katikati na jiwe limefungwa mwisho. Ukitembeza hiyo kitu kwa mteremko, kamba inakuonyesha mahali ardhi iko sawa. Hapo ndipo unachimba mtaro, ili maji yakija kwa kasi yasimame, yapumue, yaingie chini.

Wanaume walicheka. Mmoja akasema amechunga miaka thelathini bila kuuliza jiwe njia. Lakini walichimba. Sisi wote tulichimba. Mikono yangu ilipasuka, nikapaka mafuta ya mbuzi, ikapasuka tena.

Na sasa nikikumbuka, wakuu, zile asubuhi zilikuwa tamu. Hatukujua kama ni tamu. Moshi wa chai, jembe kugonga mawe, Mwalimu Kanana akijaribu kutusalimu "Nagaa" kwa ulimi wa Kimeru na wanawake wa Kiborana wakianguka kwa kicheko. Kabale analala kivulini kwa shuka, akiamka anachukuliwa na yeyote aliye karibu, awe Mturkana awe Msomali. Njaa ilikuwepo. Lakini tulikuwa na kitu cha kuamkia.

Shida ilikuwa udongo.

Ule udongo ulikuwa umekufa. Mgumu, mweupe kwa juu, ukimwagia maji unashika kama simiti. Mitaro tulikuwa nayo, mvua bado. Tulipanda miche ya sukuma na kunde kwa vitanda vya mfano, tukainywesha kwa ndoo kutoka mtoni, na bado ilikuwa ya manjano kama mtu mwenye homa. Mwalimu alitaka mboji. Mboji inataka majani na samadi. Majani yaliliwa na ukame, na samadi itatoka wapi na ng'ombe wameisha?

Halafu akatuambia wakubwa wa mradi watakuja mwisho wa mwezi. Wakikuta shamba halina kitu, mafunzo yatafungwa. Hakusema habari ya mahindi. Hakukuwa na haja.

Hapa ndipo nafika mahali pagumu.

Kwa kitanda kimoja, miche ilikuwa imeanza kushika. Ilikuwa ya Mama Ekai, mama wa Kiturkana, mjane, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa akienda mtoni mara mbili kuliko sisi wengine. Safu tatu za sukuma, kijani kweli. Tulikuwa tukienda kuziangalia tu, kama watu wanaoangalia mtoto mchanga.

Asubuhi moja Kabale alikuwa na homa. Nikamwacha nyumbani kwa jirani nikaja kufanya zamu yangu ya maji peke yangu, wengine wakiwa wamepumzika. Nikasikia jirani ananiita, mtoto analia vibaya. Nikatupa ndoo nikakimbia.

Lango letu lilikuwa tawi kubwa la miiba, unalivuta halafu unafunga kwa kamba. Nililivuta. Kamba sikufunga.

Niliporudi mchana nikasikia kilio kabla sijafika. Mbuzi wa Ayo walikuwa wameingia yeye akiwa amesinzia. Safu tatu zimeliwa hadi kwa mzizi. Mama Ekai amekaa chini kwa udongo, ameshika shina moja lililobaki, analia kwa sauti. Yule mama hakulia alipozika mume wake, watu walisema hivyo.

Akasimama akauliza, "Nani aliacha lango?"

Mdomo wangu ulifunguka. Wallahi ulifunguka. Lakini hakuna kitu kilitoka.

Ayo akainuka kutoka kwa jiwe lake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Akasema, "Mbuzi yangu. Mimi nasahau kamba."

Watu wakaanza kupiga kelele. Kwamba huyu mzee miezi miwili amekaa tu, anakula mahindi ya bure, na sasa mbuzi zake zimekula jasho la mjane. Maneno ya kabila yakaanza kutajwa, yale mnayajua. Mwalimu Kanana akajaribu kutuliza, ikashindikana. Kikundi kikaamua Ayo atoke. Na nyumba yenye mtu mmoja haiwezi kuwa kwa mafunzo, kwa hivyo wiki ikiisha nafasi yetu itapewa watu wengine.

Ayo alisikiza yote akiwa amesimama wima. Kisha akachukua mbuzi wake akaenda.

Mimi niliangalia miguu yangu.

Kesho yake alfajiri niliamka nikakuta hayupo. Punda hayupo. Magunia mawili hayapo. Mbuzi amewaacha wamefungwa. Nikajua amerudi Biliqo, amenichoka, ameniacha na aibu yangu na mtoto mgonjwa. Siku ya kwanza ikapita. Sikula. Siku ya pili nilienda shambani, kwa sababu gorogoro ya Kabale ilikuwa huko, na hakuna aliyeniongelesha.

Wakati wa alasiri punda akatokea.

Ayo alikuwa nyuma yake, nguo imejaa vumbi hadi kichwani, anachechemea. Akampitisha punda langoni bila kuomba ruhusa ya mtu, akafungua gunia, akamwaga mbele ya Mwalimu Kanana.

Ilikuwa nyeusi. Laini kama unga wa kahawa.

Mwalimu akapiga magoti, akachukua kiganja kimoja, akanusa. Kisha akaniambia, "Muulize ametoa wapi."

Ayo akajibu, "Onaa." Ni neno la Kiborana la mahame, yale maboma ya zamani ambayo watu walihama wakaacha. Ng'ombe walilala hapo miaka, samadi ikarundikana, ikakauka, ikaoza, ikawa udongo mwingine.

Mwalimu akauliza, "Iko nyingi?"

Nikatafsiri. Ayo akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama mto una maji.

"Mwambie ipo kila pahali nimelala tangu niolewe."

Siku mbili baadaye tulienda, karibu kikundi chote, na punda kumi hivi za kuazima. Tulitoka asubuhi tukafika adhuhuri. Ayo mbele. Hakuwa anatafuta njia. Kwa macho yetu ilikuwa nchi tupu, mawe na vichaka, lakini yeye alikuwa anasoma. Hapa tulikaa mvua mbili, itakuwa bado changa, wacheni. Hapa kondoo peke yao, ni kali, itachoma miche. Hapa ng'ombe, na ni ya zamani, chimbeni hapa. Mwalimu Kanana alikuwa anaandika kwa daftari akitembea, anajikwaa kwa mawe.

Kwa mahame ya tatu Ayo alisimama. Mawe ya jiko bado yalikuwa pale, matatu. Akasema, "Hapa nilimzaa Galgalo. Ndama walilala upande ule." Akaenda upande ule, akainama, akaweka mkono chini. Mabega yake yakaanza kutetemeka.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mimi nilikuwa mkwe, sikuthubutu.

Mama Ekai ndiye alienda. Alikaa chini kando yake, bega kwa bega. Kwa kile Kiswahili chao cha kuokoteza akasema, "Zangu pia ziliisha, mama. Zote."

Ayo akaitikia kwa kichwa. Wakakaa hivyo. Sisi tukajaza magunia kimya kimya.

Hapo ndipo nilishindwa. Mama Ekai aliporudi kuchukua koleo nikamvuta kando nikamwambia, "Lango ni mimi. Mama mkwe wangu hana makosa."

Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Najua. Huyo mzee hajawahi kuingia kwa shamba hata siku moja, anakaa kwa jiwe. Kamba angeisahau aje? Nilikuwa nangoja wewe."

"Umenisamehe?"

"Utanichotea maji wiki mbili. Halafu tutaona."

Nilichota. Mara nne kwa siku. Na kwa kikundi nilisimama nikasema hayo mbele ya wote, na Ayo akarudishwa.

Siku ile tukirudi kutoka mahame, punda wamelemewa, nilitembea kando ya Ayo nikamuuliza kwa nini alibeba kosa langu.

Akamgusa punda kwa fimbo aendelee. Kisha akasema, "Wewe una mtoto mgongoni. Aibu ingekushika miaka mingi. Mimi aibu ikinishika sasa itanikuta karibu na mlango." Tukatembea tena kidogo. Akasema, "Lakini usirudie, intala."

Intala ni binti. Hakuwahi kuniita hivyo.

Wakuu, nilitembea ile njia yote iliyobaki nikilia na sikutaka aone machozi, kwa hivyo nilikaa nyuma ya punda.

Ile samadi tulichanganya na udongo tukajaza vitanda. Mvua ilikuja kabla ya wakubwa wa mradi, karibu tuseme Mungu aliipanga. Maji yalishuka kutoka juu kwa kelele yakafika kwa mtaro wa kwanza yakasimama. Tulikuwa tumekimbia wote kutazama, tumelowa, watu wazima wanashangilia maji yaliyosimama. Yule mzee wa miaka thelathini ya kuchunga alikuwa anamkumbatia Mwalimu Kanana, mpaka mwenyewe akakumbuka akamwachilia.

Wakubwa walipokuja walikuta kunde, sukuma, na maboga yametambaa hadi kwa miiba. Walipiga picha. Mafunzo yakaendelea mpaka mwaka uliofuata.

Boga la kwanza la Mama Ekai lilienda nyumbani kwetu. Alilileta mwenyewe kichwani. Ayo akaonja, akatafuna polepole, akasema ni chakula, lakini maziwa ni maziwa.

Galgalo alirudi baadaye akiwa ameweka akiba ya kutosha mitamba miwili. Alitaka turudi Biliqo. Ayo alikuwa amefunga vitu vyake kabla hajamaliza kusema. Mimi niliomba kubaki na shamba na kikundi, nikitarajia vita. Ayo ndiye alimwambia mtoto wake, "Mwache. Nyumba ikiwa na miguu miwili haianguki." Hivyo tukaishi, yeye kule na mifugo, mimi huku na mitaro, Galgalo katikati kwa malori ya Merti.

Baada ya mvua mbili au tatu nikaenda kumtembelea. Lori lilinishusha Biliqo mchana, jua kali, nikamkuta nyuma ya boma lake la zamani. Alikuwa amekaa chini, anafukua kwa kijiti cha kuchimbia mizizi. Mbele yake kuna vishimo vya nusu mwezi, vimepangwa kukinga maji, na ndani kunde zimetoa maua. Wanawake sita au saba walikuwa wamemzunguka.

Nikamtania, "Ayo, unakwaruza kama kuku?"

Akasema, "Hii ni kijiti. Jembe sijashika."

Kisha akainuka, akajipangusa mikono, akanishika kifundo cha mkono akanivuta katikati ya wale wanawake. Nilifikiri atawaambia mimi ni mke wa Galgalo, au mama ya Kabale. Akawaambia, "Kaeni vizuri. Mwalimu wangu amefika."

Alifariki kabla miaka ya themanini haijaisha. Mungu amrehemu. Mwalimu Kanana alihamishwa, tukapotezana, sijui kama bado yuko. Mama Ekai tulizeeka naye, mimi ndiye nilimuosha miguu siku zake za mwisho.

Nilichopata kwa hiyo semina ni hiki, na kila mtu achukue cha kwake. Ukienda kwa mafunzo ukaona mtu amekaa kwa jiwe hafanyi kitu, usimhesabu kama hayupo, nenda umuulize amelala wapi maisha yake yote. Na ukikosea, sema siku ile ile. Ukinyamaza, kosa haliangukii chini, kuna mtu analibeba, na mara nyingi ni yule hukutarajia.

Basi nimemaliza, vidole vimechoka na hii simu. Kama kuna mtu humu mama yake au nyanya yake alichimba mitaro enzi zile, iwe Isiolo, Garba Tulla, Marsabit au popote, hebu aandike hapo chini. Kwenu mliiitaje? Na nani alikaa kwa jiwe?